Usimwambie Kocha Habari ya Baiskeli

Bi Fundi aliyatambua magoti kabla ya kumwona mwenyewe. Kwenye televisheni ya duka la Kinyozi, kamera ilipita kwenye benchi la wachezaji kama mtu anayepapasa vitambaa asivyokusudia kununua, na ilipofika kwenye kiti cha mwisho kabisa ikaishiwa na hamu. Ikaonyesha magoti mawili marefu na mkono mmoja ukipiga ngoma polepole juu ya paja, halafu ikarudi uwanjani kwa wenye shughuli zao.

"Yule pale," akasema. "Mume wangu."

"Hayo ni magoti tu, Bi Fundi," akajibu Kinyozi. Alikuwa ameshika mashine, na kichwa cha mteja wake kilikuwa kimenyolewa upande mmoja, upande wa pili ukingoja mpira utoke nje. "Na magoti hayafungi vikapu."

"Hayo magoti nimeyavalisha suruali tangu yakiwa kama vitunguu. Wewe nyoa."

Wateja wakacheka. Wote walijua kwamba mume anayetajwa ni mjukuu wake. Bi Fundi hakumwita kijana yule jina jingine isipokuwa awe amekasirika, na kijana naye alikuwa akimwita "mke wangu" mbele za watu bila haya. Mume halisi wa Bi Fundi alikuwa amekwisha kufariki zamani, na yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba huyu wa pili ana nafuu, kwa sababu hakoromi.

Mtaani kijana aliitwa Upindo. Jina hilo alilipata shuleni. Bi Fundi, ambaye riziki yake yote ilitoka kwenye cherehani, aliona mapema kwamba mtoto huyu anakwenda juu bila kuaga. Kwa hiyo kila kaptula aliyomshonea aliiachia upindo mpana, kitambaa cha akiba kilichokunjwa kwa ndani. Mtoto akirefuka, bibi anafumua, anashusha, anashona upya. Lakini upindo ukishushwa huacha mstari pale ulipokuwa umekunjwa, na kaptula za mtoto yule zilikuwa na mstari juu ya mstari, kama ukuta wa kisima ambacho maji yake yanapungua. Wenzake wakamwita Upindo. Hakujali. Hakuwa mtoto wa kujali upesi. Kwa kweli hakuwa mtoto wa kufanya chochote upesi.

Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Baba yake alisafiri kutafuta kazi, akaipata, na huko huko akapata na mke na watoto wengine. Wakabaki bibi na mjukuu na cherehani, mpaka mwaka huu, ambapo klabu ya mpira wa kikapu ya wachezaji wa kulipwa, iliyo kwenye mji ambao ukiondoka asubuhi unafika kesho yake, ilimwona kwenye mashindano akidaka mipira juu ya vichwa vya watu kama mama anayeanua nguo kwenye kamba. Ikamchukua.

Siku hiyo hakuwa peke yake. Klabu ilichukua wageni wawili, maana ndivyo wanavyowaita wachezaji wa mwaka wa kwanza, wageni. Wa pili alikuwa kijana mfupi mwenye miguu myepesi ambaye watangazaji walikwisha kumpa jina la Kiberiti. Kiberiti aliingia mechi ya kwanza tu akawaka. Alifunga, akaiba mipira, akawafanya watu wazima waanguke kwa makalio. Na tangu siku hiyo kila mtu aliyefungua kinywa kuhusu Upindo alianza kwa kumtaja Kiberiti.

"Mimi nina kipimo changu," Kinyozi akasema, akimgeuza mteja shingo. "Mchezaji mgeni ni kama kitabu. Nasoma kurasa za mwanzo. Sikuona kitu, nafunga."

"Kitabu chako cha mwisho kilikuwa cha darasa la ngapi?"

"Tusivunjiane heshima, Bi Fundi. Nazungumzia mchezo. Mtu analipwa acheze. Mjukuu wako analipwa akae. Kukaa hata mimi najua."

"Na wewe ulipoanza kunyoa, lile sikio la mwuza nyama ulilikata ukiwa ukurasa wa ngapi?"

Mteja aliyekuwa kitini akashika masikio yake yote mawili. Wenzake wakacheka hadi mmoja akatoka nje kukohoa. Kinyozi naye akacheka, maana ilikuwa kweli. Mwaka wake wa kwanza, wanaume wa mtaa ule walivaa kofia mchana kutwa, na si kwa sababu ya jua.

Lakini kabla kicheko hakijaisha mtangazaji alitaja jina la Upindo, na wote wakageukia televisheni. Mechi ilikuwa imekwisha kuamuliwa, timu yake iko mbele mbali kabisa, na kocha alikuwa anawapumzisha wakubwa. Magoti yale yakasimama. Yakawa kijana mzima, mrefu kuliko wote, akivuta bukta yake chini kama anayetafuta upindo.

Mpira ukaja kwa Upindo. Akaudaka vizuri, juu kabisa. Kisha akaushika. Akaendelea kuushika, akiutazama kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake, na alipokumbuka kupiga hatua akapiga hatua nyingi bila kuudunda, mwamuzi akapuliza filimbi. Mpira wa pili akampasia adui. Kengele ikalia, watu wakatoka.

"Basi," akasema Kinyozi kwa sauti ndogo, na safari hii hakuongeza neno.

Bi Fundi alirudi nyumbani na aibu yake mkononi kama mtu aliyebeba samaki. Lakini alipofika mlangoni akagundua kwamba chini ya ile aibu kuna kitu kingine kinachungulia, na alipokitazama vizuri akakuta ni furaha. Watamrudisha, alifikiri. Mtu hawezi kucheza namna ile wakaendelea kumlisha.

Kwenye mlango wa chumba cha ndani, juu kwenye kizingiti, palikuwa na sponji iliyofunikwa kwa vipande vya vitambaa na kupigiliwa misumari. Aliiweka mwenyewe, kijana alipoanza kujigonga kichwa kila asubuhi. Katikati palikuwa pamebonyea, mahali pa kipaji cha uso. Tangu aondoke, hakuna kichwa kilichofika pale. Bi Fundi, akipita chini yake, hata akiruka hafiki, na umri wake haukuwa wa kuruka. Mara nyingine alichukua fimbo ya kupimia vitambaa akaibonyeza pale pale palipobonyea, halafu akajifanya alikuwa anatoa utando wa buibui.

Kulikuwa na kitanda chenye benchi la kushonea limeunganishwa miguuni, kwa sababu kitanda cha kawaida kilimwishia kwenye ugoko. Kulikuwa na kikombe kikubwa. Kulikuwa na suruali ya kijivu mezani, kitambaa kizuri kisichochuja, aliyoikata kwa kubahatisha, kwa sababu hakujua tena urefu wa mguu wa mume wake. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kwa miaka yote hakuna mtu aliyeujua mguu ule kuliko yeye, na sasa klabu ilikuwa inamvalisha, kuna mtu fulani huko mwenye futi yake anampima, na Bi Fundi hapa anakata kwa macho ya kumbukumbu.

Tena kulikuwa na sindano. Macho yake yalikuwa yamekataa kazi ya kutunga uzi, na aliyekuwa akimtungia ni Upindo, kila asubuhi, sindano kadhaa, akizichomeka mfululizo kwenye mto mdogo kabla ya kwenda mazoezini. Sasa ilimbidi apeleke sindano kwa Kinyozi, aliyetunga huku anasema.

Asubuhi iliyofuata Bi Fundi alilitoa godoro la Upindo, akaliegemeza ukutani lipigwe na jua.

"Mgeni anakuja?" akauliza Kinyozi kutoka kwenye mlango wa duka lake.

"Naua kunguni."

"Kunguni wa mtu asiyelala hapo wanakula nini?"

"Wanakula maneno yako."

Siku chache baadaye simu ikalia, na ilikuwa sauti yenyewe.

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba, mtoro wangu. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, sina muda, tunaingia mazoezini. Msimu unasimama katikati, na wakati wa mapumziko wanaamua wageni. Nani abaki, nani arudishwe. Kiberiti wameshamwambia anabaki. Mimi bado."

"Bado maana yake nini?"

"Wakubwa wa klabu wanasema nimechelewa. Wanasema mgeni wa kulipwa anatakiwa aonekane mapema. Kocha hajasema kitu. Ila Kocha ana mtindo wake, wenzangu wameniambia. Mgeni ambaye hajamwelewa, humpigia simu mtu aliyemlea. Anauliza anachotaka kuuliza, halafu anaamua. Nimempa namba yako."

Bi Fundi akakaa chini kwenye kigoda cha cherehani. "Anipigie mimi? Anataka kushona?"

"Bibi, sikiliza. Akikupigia, usimwambie nilichelewa kutembea."

"Sawa."

"Na usimwambie habari ya baiskeli."

"Baiskeli gani?"

"Bibi."

"Nimesikia."

"Ya baiskeli hasa. Nakuomba."

Nyuma ya kijana zilisikika sauti za viatu vikilia kwenye sakafu na mipira ikidundwa, mingi, kama mvua kwenye mabati. Bi Fundi aliisikiliza mvua hiyo akamwona kijana wake amesimama katikati yake na simu sikioni.

"Wewe unataka nini, mume wangu?" akauliza.

Upindo alikuwa hajibu swali mpaka amelizunguka.

"Nataka kucheza, Bibi," akasema mwishoni, na simu ikakatika.

Sasa, mtu mwingine angejibiwa hivyo angeandaa maneno mazuri ya kumsaidia mtoto. Bi Fundi aliandaa maneno, ndiyo. Alikaa nayo kwenye cherehani akiyakanyaga pamoja na kanyagio. Silaha alikuwa amekabidhiwa na kijana mwenyewe, imenolewa, na kushikizwa mkononi. Alichotakiwa kufanya ni kusema kweli tupu. Kocha, mtoto huyu ni mzito. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, baiskeli alichelewa mpaka tukaona haya. Huko kwenu mna haraka, na haraka yeye hajaumbiwa. Basi. Hakuna uongo hata mmoja, na mwisho wa wiki kijana yuko mlangoni, anajigonga kwenye sponji.

Atalia kidogo, alijiambia. Halafu atakula. Halafu atacheza na wale wa mtaani, jioni atarudi, asubuhi atatunga sindano. Kuna ubaya gani?

Na kila alipofika kwenye kuna ubaya gani, uzi ulikatika.

Kocha alipiga simu asubuhi moja wakati Kinyozi yuko pale, amekuja kutunga uzi kwa sababu hakuwa na wateja. Alikuwa ameulowesha uzi kwa midomo, jicho moja amelifumba, sindano ameiinua kwenye mwanga. Bi Fundi aliposema "Ni yeye," Kinyozi akaganda vilevile alivyo, uzi mdomoni.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti iliyokwaruzwa na miaka ya kupiga kelele viwanjani.

"Marahaba, mwanangu. Za huko?"

"Nzuri. Mama, sitakuchosha. Nina swali moja tu. Huyu kijana, tangu utoto wake, alikuwa anachukua muda gani kushika jambo?"

Swali limekuja lenyewe, likakaa mezani. Bi Fundi akajikohoza.

"Kocha, nisikufiche. Mzito. Mzito sana. Kutembea alichelewa mpaka majirani wakaanza kuniletea dawa ambazo sikuziomba. Watoto wadogo kwake walikuwa wanakimbia, yeye amekaa, anawatazama miguu."

Kinyozi akatoa macho. Alitaka kusema, lakini uzi.

"Halafu?" akauliza Kocha.

"Halafu nini?"

"Halafu ikawaje?"

"Halafu akatembea, bila shaka. Hakubaki amekaa mpaka leo."

"Alitembeaje?"

"Alisimama akashika mguu wa cherehani hii hii. Akatembea mpaka mlangoni, akageuka, akarudi. Wengine wakianza wanaanguka, wanapasuka midomo, wanalia. Yeye hakuanguka. Hata..." Bi Fundi akaisikia sauti yake mwenyewe inapanda, ina majivuno, akaishika. "Lakini alichelewa, Kocha. Hilo ndilo nakwambia. Alichelewa kupita kiasi."

"Nimekuelewa, mama. Kuna lingine?"

Sasa lile lingine lilikuwa limekaa ulimini. Bi Fundi alimtazama Kinyozi, Kinyozi akatikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana, uzi ukipepea mdomoni kama udevu wa paka.

"Kuna baiskeli," akasema Bi Fundi.

"Baiskeli?"

"Baiskeli ya marehemu babu yake. Nilimpa aende nayo shule. Kocha, mtoto yule aliisukuma mwaka mzima. Anakwenda anaisukuma, anarudi anaisukuma. Hapandi. Watu wakadhani inauzwa, wakaja kuniuliza bei. Wenzake wakamwambia, wewe Upindo, hiyo ni baiskeli au ng'ombe? Hapandi. Sasa mtu kama huyo utampa mpira wako ungoje mpaka lini?"

Amemaliza. Alitakiwa aishie hapo, na hata pumzi alikwisha kuivuta ya kuagia.

"Kwa nini alikuwa anaisukuma?" akauliza Kocha.

"Nilimwuliza. Akasema, Bibi, naisikiliza inavyokwenda."

Kocha hakusema kitu. Na kimya cha mtu anayesikiliza ni kitu kibaya sana kwa mwanamke anayejua kusimulia.

"Halafu asubuhi moja," Bi Fundi akasema, na sauti ikamlainika bila ruhusa yake, "nina mzigo wa sare za shule, nazipeleka sokoni, mzigo mkubwa. Akaniambia, Bibi, panda. Nikamwambia, nipande wapi, wewe hujui. Akaniambia, panda tu. Nikakaa nyuma, mzigo mapajani, macho nimefumba. Akapanda, akakanyaga. Kocha, tuliuteremka mlima wa sokoni mimi na yeye na sare za shule nzima, na ile baiskeli haikuyumba. Haikuyumba hata kidogo. Nilifumbua macho katikati ya mlima. Upepo ulikuwa unaingia kwenye kanga, mgongo wake uko mbele yangu, mwembamba, na mikono yake imetulia kabisa kwenye usukani. Watu wananipungia, mimi siwapungii, nimemshika yeye. Nilitaka mlima usiishe."

Sindano mkononi mwa Kinyozi ilikuwa imeshuka taratibu mpaka gotini.

"Hajawahi kuanguka na baiskeli ile," akamalizia, polepole. "Mpaka leo."

"Kule kwenye benchi anapiga paja," Kocha akasema, kama anayeongea na nafsi yake. "Mechi nzima, anapiga paja. Nilidhani amechoka kukaa." Kisha akasema, "Wale wanaowaka siku ya kwanza nawaona mwenyewe, mama, sihitaji kumpigia mtu simu. Asante sana. Umenisaidia."

"Nimekusaidia nini?" akauliza Bi Fundi, lakini Kocha alikwisha kuaga.

Kinyozi akautema uzi. "Ulikuwa unamwuza au unamwozesha?"

"Nilikuwa namrudisha nyumbani."

"Kwa maneno yale? Hata mimi ningemsajili. Ningemsajili anyoe."

Bi Fundi akainuka, akatoka nje, akaligeuza godoro upande wa pili, ingawa upande huo ulikwisha kukauka tangu juzi.

Mapumziko ya msimu yalimkuta anashona bila kutazama anachoshona. Alimwekea mteja mmoja mfuko wa suruali kwa nyuma ya goti. Kila pikipiki iliyosimama mtaani ilikuwa inamleta Upindo na begi lake, mpaka aliyeshuka avue kofia. Na kila simu ilipolia ilikuwa inamwambia kwamba kijana harudi tena, mpaka iwe ni mtu anayeuliza kama vifungo vyake viko tayari. Hakujua aombe nini. Aliomba kwanza arudishwe. Halafu akakumbuka ile nataka kucheza, Bibi, akaomba radhi kwa ombi la kwanza. Halafu akapita chini ya sponji.

Upindo alipiga simu siku ya kufungua tena msimu, mchana, Bi Fundi akiwa amekaa mbele ya ile suruali ya kijivu.

"Mke wangu, hujambo?"

"Sijambo. Uko stendi?"

"Niko klabuni, Bibi. Wamenibakiza. Mkataba mpya, wa miaka. Kocha amegombana nao mpaka wakakubali. Amesema ataniingiza kidogo kidogo, na mtu asimwulize mpaka msimu ujao."

Bi Fundi alikishika kitambaa cha suruali kwa mikono yote miwili. Alitaka kupiga kigelegele na alitaka kuuma kile kitambaa. Akachagua lililo rahisi kwake.

"Basi niandikie talaka. Mimi bado kijana, nitaolewa tena."

Upindo akacheka. Kicheko chake kilikuwa kilekile, kinaanza kikiwa kimechelewa, kisha hakiishi. Kilipoisha akasema, "Bibi, ulimwambia habari ya baiskeli."

Bi Fundi akatafuta uongo wa karibu, hakuupata.

"Ulimwambia," kijana akasema. "Nilijua utamwambia. Ndiyo maana nilikukataza."

"Unasema?"

"Ningekuomba umsimulie, ungekataa. Ungemwambia nina mafua. Nikikukataza, unasimulia. Na hujawahi hata siku moja kuisimulia ile baiskeli ukaishia njiani. Lazima ufike mlimani. Lazima upande."

Mtaani mtu alikuwa anasukuma mkokoteni, magurudumu yanalia. Bi Fundi alisubiri upite. Alikuwa amechezewa, tena na mtoto ambaye miaka yote alikuwa wa mwisho kuelewa mzaha mezani. Ilimchoma, maana mtu hapangi mpango kama ule bila kutaka sana kukaa mbali. Na chini ya kule kuchomwa, vilevile kama siku ile ya aibu, kulikuwa na kitu kinachungulia.

"Huo ujanja umeushika lini?" akauliza.

"Polepole, Bibi."

Akacheka. Alicheka mpaka Kinyozi akatoka dukani kwake kutazama kuna nini, taulo la mteja likiwa begani, na Bi Fundi akamfukuza kwa mkono huku anajifuta macho kwa ukingo wa kanga.

"Bibi, unalia?"

"Kunguni. Sikiliza, mume wangu. Nina suruali yako hapa. Nimeikata kwa kubahatisha. Tafuta futi huko, upime mguu, kiunoni mpaka kisigino."

"Nimeongezeka."

"Kwa umri huo? Nani kakuruhusu?"

"Nilivaa ile nyeusi uliyonishonea kabla sijaondoka. Inapungua kwa vidole vinne."

"Vyako au vyangu? Vyako ni kama ndizi."

"Vyako, Bibi. Nilipima kwa vidole vyako. Navijua."

Nyuma yake filimbi ikapulizwa, na ile mvua ya mipira ikaanza. Akaaga. Bi Fundi akaiweka simu kando, akavuta suruali ya kijivu karibu, akafumua upindo wote mpaka kitambaa cha ndani, kile ambacho hakijawahi kuona jua, kikatokea. Halafu akaweka vidole vyake vinne pale, vikalala juu ya kitambaa, akaviacha hapo muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.